Kilo Ngapi, na kwa Miaka Mingapi?

Hotuba ya mtaalamu wa lishe mbele ya watu wanaosubiri upasuaji wa kupunguza tumbo, pamoja na jamaa zao, katika ukumbi mmoja wa South B, Nairobi. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji, na baadhi ya maswali ya wasikilizaji yameachwa.

Mabibi na mabwana, wazee wetu, na nyinyi mliokuja kumsindikiza mtu bila kuambiwa vizuri mnakuja kusikia nini, hamjambo.

Najua swali lililowaleta. Mgonjwa humuuliza daktari wa upasuaji kwa aibu, kisha akitoka ananishika mkono kwenye baraza ananiuliza bila aibu: nitapungua kilo ngapi? Jibu lipo. Shida ni kwamba hutolewa kwa asilimia, asilimia zenyewe ni za aina mbili, na anayezitaja mara nyingi hasemi ni ya aina gani. Nimekaa na watu ambao upasuaji wao ulikwenda vizuri kabisa, wanalia kama walioshindwa, kwa sababu hesabu waliyoishika tangu siku ya kwanza haikuwa hesabu yao. Kwa hiyo leo mimi nitashughulika na hesabu. Mambo ya kisu na dawa ya usingizi mtaelezwa na wenye kazi hiyo.

Kwa ufupi tu, kwa ajili ya jamaa. Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi ni wa aina mbili. Wa kwanza unaitwa slivu. Daktari hukata na kuondoa kati ya asilimia 75 na 80 ya mfuko wa tumbo, kinachobaki ni mrija mwembamba. Kipande kilichotolewa hakirudi tena, na kinaondoka na sehemu kubwa ya chembe zinazotengeneza ghrelini, homoni inayoamsha njaa. Ndiyo maana wengi hushangaa wiki za mwanzo: hawajizuii kula, hamu yenyewe haipo. Wa pili ni baipasi, na mkazi wa Nairobi hana haja ya kufafanuliwa sana. Gari likitoka Mombasa Road kuelekea Kikuyu linapita Southern Bypass na kuukwepa mji. Hapa chakula kinaingia kwenye kifuko kidogo kilichotengwa juu ya tumbo, cha kama mililita 30, kinaruka tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo mdogo, kisha kinaingia kwenye utumbo huko mbele. Mji haujabomolewa. Tumbo la zamani bado lipo ndani, ila chakula hakipiti huko. Ulikuwepo pia mkanda wa kubana tumbo kwa juu. Huo umeachwa sehemu nyingi kwa kuwa matokeo yake yalikuwa hafifu na wengi walirudi kuutoa.

Sasa toeni kalamu. Andikeni hata nyuma ya hicho kikaratasi mlichopewa mlangoni.

Tumchukue mama mmoja, hayupo hapa, nimembuni. Urefu wake ni mita 1.65, uzani wake kilo 120. Kile kipimo ambacho madaktari huita BMI ni kilo zako ukizigawanya kwa urefu wako uliozidishwa kwa wenyewe. 1.65 mara 1.65 ni 2.72. Gawanya 120 kwa 2.72, unapata 44. Kuanzia 30 mtu anahesabiwa mnene kupita kiasi, na kuanzia 40 yuko daraja la juu kabisa. Mpaka wa uzani wa kawaida ni 25, na kwa urefu wake huyu mama 25 ni kilo 68. Toa 68 kwenye 120, unabaki na 52. Hizo 52 ndizo kilo zake za ziada.

Asilimia ya aina ya kwanza huhesabu kilo alizopungua kutoka kwa uzani wake wote, zile 120. Ya pili huhesabu kutoka kwa zile 52 tu. Akifanyiwa baipasi, wastani wa kutarajia baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu ni kama asilimia 30 ya uzani wote. Akifanyiwa slivu ni kama 25. Baipasi basi ni kilo 36, anabaki na 84. Slivu ni kilo 30, anabaki na 90. Sasa zipigeni kwa njia ya pili. 36 katika 52 ni asilimia 69. 30 katika 52 ni asilimia 58. Kilo ni zilezile, mama ni yuleyule, lakini mmoja anasema thelathini na mwenzake anasema karibu sabini, na wote wawili hawajadanganya.

Mmeona balaa lilipo? Mtu anasikia “asilimia 70” kwenye tangazo, au kwa shoga yake aliyefanyiwa. Anarudi nyumbani Umoja, anapiga asilimia 70 ya 120, anapata 84. Ina maana atabaki na kilo 36! Hizo ni kilo za mtoto wa gredi ya sita. Hakuna daktari aliyemwahidi jambo hilo, lakini ndilo analolisubiri moyoni, na hamwambii mtu.

Na kuna hili lingine ambalo huuma zaidi, nalisema mapema ili lisije kumwangukia mtu ghafla. Yule mama akifika 84 baada ya baipasi, BMI yake ni 31. Akifika 90 baada ya slivu, ni 33. Sukari imeshuka, magoti hayalii tena, anapanda ngazi hadi ghorofa ya nne bila kusimama njiani, na chati ya ukutani bado inamwita mnene kupita kiasi. Hayo ndiyo matokeo mazuri. Si matokeo ya katikati wala si upasuaji uliokwenda kombo. Kwa mtu aliyeanza na kilo 120, upasuaji uliofaulu kwa kawaida humfikisha hapo. Wapo wanaoshuka kuliko hapo, nami hufurahi nao, lakini siwezi kukuuzia bahati ya mtu mwingine.

Tumchukue na mzee mmoja, mita 1.75, kilo 160. Asilimia 30 ya 160 ni kilo 48. Anabaki na 112, BMI yake inakuwa karibu 37. Kilo zake za ziada zilikuwa 83, kwa hiyo kwa hesabu ya pili amepunguza asilimia 58 tu. Tazameni: amepunguza kilo 12 zaidi ya yule mama, lakini kwa hesabu ya pili mama ndiye anayeonekana hodari. Ndiyo maana nasema yale makundi ya WhatsApp ya waliofanyiwa upasuaji ni mazuri kwa kutiana moyo na kwa kuulizana wapi pa kupata vitamini, lakini kwa kushindania kilo yanaumiza watu. Mtu wa kilo 160 na mtu wa kilo 105 hawachezi ligi moja. Anayetajiwa asilimia yoyote aulize swali moja tu: asilimia ya nini?

Tena hiyo 30 na hiyo 25 ni wastani. Kwenye wastani kuna walio juu na walio chini. Kuna utafiti wa jimbo la Utah, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ambao naupenda kwa sababu uliwafuata watu wa baipasi kwa miaka 12 na ukasema wazi walivyotawanyika. Baada ya miaka 12, asilimia 93 bado walikuwa wamepungua angalau sehemu moja ya kumi ya uzani wao wa mwanzo. Asilimia 70 walikuwa wamepungua angalau sehemu moja ya tano. Waliokuwa bado chini kwa asilimia 30 au zaidi walikuwa 40 katika kila 100. Waliorudisha kilo zote walikuwa wanne kati ya 387. Nikiulizwa na mgonjwa yeye ataangukia kundi gani, namwambia mambo tunayoyajua: aliye na kisukari kwa kawaida hupungua kidogo kuliko asiye nacho, mwenye umri mkubwa hupungua kidogo kuliko kijana, na anayeendelea kuja kliniki hufanya vizuri kuliko anayepotea. Damu ya ukoo nayo ina lake. Kuna watu wawili wanaokula sawasawa, wanatembea sawasawa, na mizani haiwatendei sawasawa. Wenye tabia ya kumhukumu mgonjwa kwa macho wangekumbuka hilo kabla hawajafungua mdomo.

Sasa mwendo wenyewe. Kilo hazishuki kwa mstari ulionyooka. Wiki mbili za kwanza zinashuka kwa kasi ya kutia kichaa, na sehemu kubwa ya hizo ni maji, kwa sababu mwili unamaliza akiba yake ya wanga, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji. Halafu, karibu na wiki ya tatu hivi, mizani inagoma. Siku tano, siku kumi, hata zaidi, haisogei. Kipindi hiki ndicho simu yangu haipumziki. “Daktari, tumbo limefunguka!” Kwanza mimi si daktari. Pili, halijafunguka. Mwili unajipanga upya, na ukiendelea na chakula chako kama ulivyoelekezwa utashuka tena. Kugoma kwa namna hiyo kutarudi, hasa ukipita mwezi wa sita, na kila mara kutakutisha kana kwamba ni mara ya kwanza.

Kasi kubwa iko katika miezi sita ya mwanzo. Kutoka hapo inapungua, kwa sababu mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuuendesha. Watu wengi hufika chini kabisa kati ya mwezi wa 12 na wa 24. Pimeni mara moja kwa wiki, siku ileile, nguo zilezile. Anayepima asubuhi na jioni anajitafutia presha aliyokuja kuitibu.

Nitakaa kidogo kwenye miaka inayofuata, kwa kuwa hiyo haiwekwi kwenye picha za “kabla na baada”. Picha hizo karibu zote hupigwa mwezi wa 12 au wa 18, mtu akiwa chini kabisa. Mwaka wa tano hakuna anayekuja na kamera. Wale watu wa Utah walikuwa wamepungua kilo 45 kwa wastani walipofika mwaka wa pili. Mwaka wa sita zilikuwa 36. Mwaka wa 12 zilikuwa 35. Someni tena hizo namba. Walirudisha kama kilo tisa, kisha wakatulia, wakakaa palepale miaka sita. Sweden nako kuna utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1987. Waliofanyiwa baipasi huko walikuwa wamepungua asilimia 32 katika mwaka wa kwanza au wa pili, na kufika mwaka wa kumi walikuwa kwenye 25. Wenzao wanene waliotibiwa kwa njia za kawaida bila upasuaji walibaki karibu palepale walipoanzia miaka yote hiyo.

Kwa hiyo mgonjwa akinijia mwaka wa tatu, amepanda kilo nne au tano kutoka pale chini, anainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani, mimi simkaripii. Nilimwambia tangu mwanzo kwamba zitarudi kidogo. Nikimwona amepanda kilo 15 hapo nauliza mengi: anakunywa nini, anatumia dawa gani mpya, amefiwa na nani, analala saa ngapi, na je, tumbo lenyewe linahitaji kutazamwa kwa kamera. Lakini kilo tano ni mwili unaotafuta pa kutulia. Yule mama yetu wa baipasi, kama alifika 84 na mwaka wa sita yuko 90, bado amebeba kilo 30 pungufu ya alizozibeba miaka yote. Thelathini ni kama debe moja na nusu la maji, kutoka magotini mwake.

Na magoti ni mfano tu. Wengi wenu hapa hamkuja kwa sababu ya nguo. Mmekuja kwa sababu ya sukari, presha, kukoroma hadi pumzi inakatika usiku. Kwa kisukari cha aina ya pili, upasuaji hufanya jambo ambalo mizani peke yake haielezi: sukari huanza kushuka siku chache baada ya operesheni, kabla kilo hazijaondoka kwa maana, kwa sababu njia mpya ya chakula hubadilisha homoni za utumbo. Kwa hiyo dozi za insulini na vidonge vya sukari na presha lazima zipunguzwe na daktari mapema. Usiendelee kumeza zilezile za zamani eti ni za maisha. Utazimia kwenye matatu. Lakini hapa pia nataka mshike miaka. Katika utafiti uleule wa Utah, kati ya waliokuwa na kisukari, robo tatu kilikuwa kimetulia kufikia mwaka wa pili. Mwaka wa 12 walikuwa 51 katika kila 100. Nusu nzima bila kisukari baada ya miaka 12 ni jambo kubwa mno, na dawa hazijawahi kutupa hilo. Ila ina maana pia kwamba sukari inaweza kurudi, na anayeacha kuipima kwa sababu “nilipona” atakutwa nayo imeshafika machoni.

Tuje jikoni, kwa kuwa ndiko kazi yangu iliko.

Wiki za kwanza ni vitu vya maji tu, halafu vilivyosagwa, halafu laini, na chakula kigumu huanza polepole baada ya mwezi au zaidi. Ratiba kamili mtapewa kwa maandishi. Nataka kusema kuhusu kinachofuata, maisha ya kawaida ya sahani ya Nairobi. Protini ndiyo huliwa kwanza, kila mlo, na lengo ni gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai moja lina gramu kama sita, glasi ya maziwa kama nane. Piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba huwezi kufika kwa kubahatisha ukiwa na tumbo la kukalisha vijiko vichache. Mayai, samaki, kuku, omena, ndengu iliyopikwa ikalainika, maharagwe, maziwa lala yasiyotiwa sukari. Mboga baada ya hapo. Ugali mwisho, kipande cha vidole viwili. Nasema hivi nikijua ninazungumza na watu ambao kwao bila ugali hujala. Ugali, mkate laini na wali ulioshikana huvimba na kukwama, na mtu akikwamiwa mara moja tu kifuani hahitaji tena mahubiri yangu.

Nyama choma? Iko, baadaye, kipande kidogo, kilicholainika, ukitafuna hadi kiwe uji. Ila ukikaa mezani na marafiki watatu na kilo mbili za mbuzi, kubali kwamba wewe umekuja kwa ajili ya mazungumzo.

Adui mkubwa wa matokeo hatafunwi, ananywewa. Tumbo dogo linazuia sahani, halizuii kikombe. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari inateremka bila kizuizi, na katika mji huu mtu hukaribishwa chai kila mlango anaobisha. Soda, juisi ya pakiti, uji wa kuongezwa sukari, vyote hivyo vinapita. Kwa aliyefanyiwa baipasi, sukari nyingi kwa mkupuo humpa jasho, moyo kwenda mbio, kuhara na kutaka kulala chini hapohapo. Wa slivu mara nyingi haadhibiwi hivyo, na ndiyo maana mimi humwogopea zaidi: yeye atapanda kilo kimyakimya, kikombe kwa kikombe. Maji nayo hayanywewi pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula.

Vitamini ni za maisha. Madini ya chuma, B12, kalsiamu, vitamini D. Damu inapimwa kila mwaka hata ukijisikia simba. Anayetapika mara kwa mara wiki za mwanzo arudi hospitali haraka, kwa sababu upungufu wa vitamini B1 unaweza kuharibu neva na ubongo kwa muda mfupi. Nywele zitadondoka karibu na mwezi wa tatu hadi wa sita na zitaota tena, mradi unakula protini na madini ya chuma hayajapungua. Kina mama, na hasa wale mlioambiwa hamwezi kushika mimba: kilo zikishuka, hedhi hurudi kwenye mstari na mimba hushika mtu akiwa hana habari. Subirini mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na zungumzeni na kliniki kuhusu njia ya kupanga uzazi, kwani vidonge vya kumeza huenda visitegemewe baada ya baipasi.

Gharama sitazitaja, zinatofautiana na zinabadilika. Ninachowaomba ni kuuliza kama bei mliyopewa ni ya siku ile ya operesheni tu, au inabeba kliniki za miaka miwili, vipimo vya damu na vitamini. Wanaokwenda India au Uturuki waulize vilevile: nikirudi nyumbani, nani atanifuatilia? Homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo yanayozidi siku za mwanzo haviwezi kusubiri tiketi ya ndege. Vifo vipo, vichache. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2009 vilikuwa watatu katika kila watu elfu moja ndani ya siku 30.

Sasa nyinyi jamaa, hasa mashemeji na mama wakwe. Katika mji wetu mtu akinenepa tunamwambia maisha yamemkubali. Akikonda kwa haraka, tunaanza kunong'ona. Waliokuwa watu wazima miaka ya tisini wanajua tulikuwa tunanong'ona ugonjwa gani, na minong'ono hiyo haijaisha. Nguo zikianza kumning'inia mtu, mtaa mzima unamtafutia ugonjwa. Mgonjwa wako atapita katikati ya maneno hayo akiwa na mwili ambao bado yeye mwenyewe haujui. Amueni mapema nyumbani: nani ataambiwa ukweli, nani ataambiwa “nimebadilisha chakula”, ambalo pia si uongo. Na shosho akimpakulia sahani ya mukimo akasema “umekataa chakula changu”, wewe mume, wewe dada, ndiye wa kumwondoa kwenye mtego huo. Chukua sahani, kula wewe.

Nguo msinunue mpya. Utapita saizi tatu nne ndani ya mwaka. Masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi yako kwa ajili hiyo. Ngozi italegea, hasa tumboni, mikononi na mapajani, na mazoezi hayairudishi yote. Iweke kavu, sugua taratibu, kinga vipele. Wanaotaka ikatwe husubiri hadi uzani utulie kwa miezi kadhaa, na hiyo ni operesheni nyingine yenye bei yake. Watu hunishangaa ninapoiingiza ngozi kwenye matokeo ya kutarajia, lakini ndiyo wanayoiona kila wakioga.

Niliahidi kuacha nafasi ya maswali. Dada wa mbele ameuliza kuhusu sindano, Ozempic na wenzake, kama zinaweza kushika nafasi ya kisu. Dawa iliyo ndani ya Ozempic, semaglutidi, ikitumiwa kwa dozi ya juu ya kupunguza uzani, ilishusha kama asilimia 15 ya uzani wote katika wiki 68. Tirzepatidi, iliyo mpya zaidi, ilifika kama 21 kwa dozi ya juu kabisa katika wiki 72. Hizo ni namba za heshima. Lakini waliosimamisha semaglutidi walirudisha kama theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo uliza kama unaweza kuilipia miaka kumi. Kwa mtu wa BMI 32 huenda sindano inatosha. Kwa mtu wa 48 mwenye kisukari, mimi bado namtuma kwa daktari wa upasuaji, na kuna wanaohitaji vyote viwili kwa zamu.

Mzee wa nyuma ameuliza kuhusu bia, na nashukuru ameuliza kwa sauti maana wengine walikuwa wanasubiri waniulize kwenye maegesho. Mzee wangu, baada ya baipasi pombe huingia kwenye damu haraka na kwa wingi. Chupa moja itakufanya kama mbili za zamani, na usukani huugusi. Mwaka wa kwanza usinywe kabisa. Baada ya hapo wapo waliojikuta wanakunywa kuliko walivyokuwa, kwa sababu walikuwa wakijiliwaza kwa chakula, sasa hawawezi tena, wakageukia chupa. Kama unajijua uko karibu na mstari huo, tuambie kabla ya operesheni. Na sigara ni kabla na baada. Inatoboa vidonda pale palipounganishwa.

Pale karibu na mlango kuna mizani mbili na fimbo ya kupimia urefu. Anayetaka apite apimwe, viatu nje, simu mezani. Tutafanya pamoja hesabu zote mbili kwenye kikaratasi chako, kwa mwaka wa pili na kwa mwaka wa kumi, na karatasi hiyo utampelekea daktari wako. Walio na watoto waanze.